Mtani Wangu wa Ofisi ya Manunuzi

Mdogo wangu aliyasema yale maneno huku anapiga randa, hakuinua hata uso. "Dada, zabuni hii ya madawati ikitupita, mimi naenda Dar." Kisha akapuliza maranda yaliyobaki kwenye ubao, akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha baba. Nikasimama. Tangu siku ile, nikisema kweli, sijakaa vizuri mahali popote, si kanisani, si kwa msusi, si mezani kwa mama.

Karakana yetu iko kando ya barabara ya kwenda Pangani, pale mashamba ya mkonge yanapoanza kuisha na minazi inapoanza. Babu yetu alikuja huku kuwa manamba, kutoka Unyamwezini, akakata mkonge mpaka akafia kambini. Baba aliukimbia mkonge, akajifunza useremala misheni, akapiga mabati kwenye kiwanja hiki na kuweka meza ya kazi ambayo mpaka leo haijatikisika. Milango, vitanda, meza za sakristia, majeneza. Alipokufa yeye mwenyewe, jeneza lake alilitengeneza mdogo wangu, hakutaka mtu amsaidie hata kushika ubao. Watu walikuja kuomboleza wakajikuta wanapapasa kona za jeneza na kuulizana kona zile zimeungwaje bila msumari kuonekana.

Ndivyo alivyo. Yeye ni mkono, mimi ni mdomo. Mimi natafuta kazi, napatana bei, nafokeana na wenye mbao, nawapigia simu wateja wanaojificha. Yeye anatengeneza. Ukiniondoa mimi, karakana itapata tabu. Ukimwondoa yeye, linabaki bati na vumbi la mbao.

Na kazi ilikuwa imepungua kweli, silaumu. Siku hizi mtu akijenga anataka mlango wa chuma wenye maua ya dhahabu. Makochi yanakuja kwenye malori kutoka Dar, yamefungwa nailoni, mteja hataki hata kuivua. Tulikuwa tunaponea Ushongo, kwenye nyumba ndogondogo za wageni pale ufukweni, vitanda vya nguzo nne na viti vya kuegama. Msimu ukiisha, mdogo wangu anakaa mlangoni anakatakata vijiti. Rafiki yake mmoja alimtafutia nafasi kwenye kiwanda cha samani mjini Dar. Kila wiki alikuwa anampigia simu. Mimi nilikuwa nikiona jina la yule rafiki kwenye kioo cha simu natamani niitupe simu chooni.

Kwa hiyo zabuni ile ya madawati ya shule haikuwa biashara tu. Ilikuwa kamba, na upande wa pili wa kamba alikuwa mdogo wangu.

Huku kwetu ukitaja zabuni za halmashauri watu wanakucheka. "Zina wenyewe hizo." Hata mimi niliamini hivyo miaka yote. Nilidhani ni mambo ya watu wenye tai na magari ya vioo vyeusi. Mpaka nilipoona tangazo kwenye ubao wa kata kwamba kuna semina ya wafanyabiashara wadogo, bure, ukumbi wa halmashauri, mje na karatasi zenu. Nikaenda. Si kwa imani, kwa wasiwasi. Mtu anayezama hakatai hata jani.

Mwezeshaji alikuwa mtu ninayemjua. Ni afisa manunuzi, mwenyeji wa Mkwaja, Mzigua wa kuzaliwa, mwembamba, shati limefungwa kifungo mpaka cha shingoni hata jua likiwaka. Sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na huyu utani aliuchukulia kama ibada. Kwenye mazishi ya baba alijilaza juu ya mbao pale kando ya kaburi, akasema maiti haishuki. Padri amesimama na kitabu chake, yeye amelala, amekunja mikono kifuani. "Huyu mzee alinitengenezea mlango unaolia usiku kucha. Hashuki mpaka aje aufunge upya." Tukampa soda na hela kidogo ndipo akainuka. Mama yangu, aliyekuwa hajatoa hata chozi siku mbili, alicheka mpaka chozi likatoka, na lilipotoka halikukatika. Nilimshukuru yule mtu kwa siku ile, ingawa mtani hashukuriwi.

Basi pale ukumbini alitufundisha. Kwanza biashara yako ijiandikishe kwenye mfumo wa zabuni mtandaoni, simu ya kawaida yenye intaneti inatosha, namba ya mlipa kodi iwe yako na si ya shemeji yako. Kisha karatasi: jina la biashara lililosajiliwa, leseni, cheti cha kodi. Kisha usome maelezo ya zabuni mpaka mwisho, kwa sababu wakisema dawati la watoto watatu wewe usipeleke la wawili lenye nakshi. Zabuni ina saa ya kufungwa, na ikifungwa imefungwa. Halafu akafika kwenye bei, akatukazia macho akina mama tuliokaa mbele.

"Hapa si sokoni Ngamiani. Hakuna nipunguzie mama, hakuna ongeza kidogo baba. Mmezoea kutaja bei ya juu ili mshushwe. Mimi sitakushusha. Bei uliyoandika ndiyo itakayosomwa, na kama ni ya juu, mwenzako amechukua kazi wewe bado wangoja nikuite tuongee."

Nadhani kila mmoja wetu alikuwa tayari ameongeza ya mazungumzo kichwani mwake.

Mwishoni akasema mwenye kutaka karatasi zake zitazamwe azilete mbele, wote waone, wote wajifunze. Nikapeleka zangu. Akazipekua, akasimama kwenye leseni ya biashara, akaiinua juu kwa vidole viwili.

"Jamani, sogeeni muone mgonjwa mahututi. Leseni hii ya wapagazi itakata roho kabla zabuni ya madawati haijafungwa. Wamebeba mizigo ya watu toka Tabora, sasa wabeba maiti yao wenyewe kuniletea mimi. Izikeni hii, itanuka."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi, ndugu yangu, utani nimenyonya kwa mama. Sikuwahi kuacha deni. Nikasimama. "We Mzigua, mambo ya kuuza na kununua lazima uyajue. Njaa ilipoingia, babu zako walijiuza wenyewe kwa pishi ya mtama, na hawakusubiri hata zabuni ifungwe." Watu walipiga meza. Mzee mmoja mwuza tofali alitoka nje kwenda kukohoa. Afisa mwenyewe alifuta macho kwa mkono wa shati, akanirudishia karatasi zangu, akaita mwingine.

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nikamhadithia mama na mdogo wangu jioni ile ile, nikaigiza na sauti. Mdogo wangu alitabasamu, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa adimu. Mama akauliza, "Kasema nini kuhusu leseni?" Nikamwambia utani tu, mama, si wamjua. Nikaenda kununua vocha.

Siku zilizofuata nilikuwa sishikiki. Mdogo wangu alipiga hesabu za mbao, gundi, misumari, vanishi, na gari la kupeleka madawati shuleni. Mimi nilitaka tuongeze kidogo pale mwisho, mkono wenyewe uliwasha. Akanikatalia. "Umesahau alivyosema? Bei ni moja." Tukaandika bei ya kweli, bei ambayo sijawahi kumtajia mtu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nilijisikia nimetoka nje bila khanga. Nikapiga picha karatasi zote, leseni nayo ikiwemo, nikazipandisha kwenye mfumo kwa dada mmoja mwenye duka la kuchapa, nikabonyeza, ujumbe ukaja kwamba zabuni imepokelewa.

Kisha kungoja. Hakuna aliyetufundisha kungoja kule ukumbini. Nilifagia karakana mpaka mdogo wangu akaniambia nitafagia mpaka nitoboe sakafu. Nilikuwa nafungua simu, nafunga, nafungua. Nilibuni safari za kupita halmashauri kuchungulia ubao wa matangazo: leo natafuta limau, kesho nampeleka mama kliniki kwa njia ya kuzunguka. Siku moja nikamkuta mtani wangu kwa wauza samaki, ameshika changu wawili kwenye uzi. Nikampigia kelele, "We Mzigua, umeshajiuza leo?" Aliinamisha kichwa, akavuka barabara na samaki wake. Nikasema moyoni, ona, kazi ya serikali imemtia kiburi.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Hatukufika hata kwenye bei. Leseni ya biashara haikuwa hai siku ya kufungwa kwa zabuni.

Nililisoma nimesimama mlangoni mwa karakana. Mdogo wangu aliniangalia usoni. Akachukua patasi moja moja ukutani, akaanza kuzifuta mafuta na kuzifunga kwenye kitambaa. Alianza na ile ndogo.

Nilipofika halmashauri sikumbuki nilipita wapi. Nilikuwa nimejaa maneno mpaka kooni. Niliingia ofisini kwake nikitegemea anitukane ili nimtukane, nilikuwa nauhitaji ule ugomvi kweli kweli. Alisimama. Akanionyesha kiti.

"Karibu, ndugu mzabuni. Kama hukuridhika una haki ya kuandika malalamiko. Muda wake umeelezwa kwenye taarifa uliyotumiwa."

Ndugu mzabuni. Miaka yote hajawahi kuniita ila mpagazi, mbeba meno ya tembo, mla viwavi. Nikakaa kweli.

"Ulijua," nikasema.

"Nilisema. Mbele ya ukumbi mzima."

"Ulikuwa watania."

Akatazama mlango, ulikuwa wazi, akauacha wazi. "Ulitaka nisemeje? Nikuvute pembeni nikunong'oneze, wale wengine waseme nimempa siri mtani wangu? Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. Nami kwako sina mdomo mwingine, huu ndio nilio nao."

Nikainuka, nikachukua mkoba wangu. Kilichoniuma zaidi nilikiona wakati natoka. Ofisi ya leseni iko kwenye korido ile ile, nimeipita mara zote nilizokwenda kuchungulia ubao wa matangazo. Mlango ulikuwa wazi, karani anakunywa chai. Nikaingia kwa hasira nikahuisha leseni siku ile ile, ya nini sijui, kama mtu anayenunua mwavuli akiwa ameshalowa.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote. Hakunisuta, ingawa ningependa anisute. Alisema tu, "Mwanangu, mtani anatania kwenye msiba wa kweli. Kama hakuna maiti, anafuata nini?"

Mdogo wangu aliondoka Jumanne. Tulimsindikiza stendi asubuhi, mimi na mama, na begi lake la nguo na lile sanduku la vifaa. Randa ya baba aliiacha juu ya meza ya karakana. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua nikifungua mdomo nitamwomba abaki, naye angebaki, halafu angeanza kukaa mlangoni akikatakata vijiti, na hilo nalo nisingeliweza. Nikawa natembea tu kutoka gari hadi gari nikiulizia gari la Dar ilhali kibao cha Dar kilikuwa mbele yangu.

Mara nikasikia watu wanacheka. Kugeuka, mtani wangu, shati limefungwa mpaka shingoni, amekalia sanduku la vifaa la mdogo wangu. Alikuwa anakwenda kazini, ameona, ameingia.

"Halipandi gari," akasema. "Mali ya wapagazi ikitoka wilayani lazima ilipiwe ushuru. Na huyu mtoro alinitengenezea meza, mguu mmoja wacheza. Atarudi lini kuukaza?"

Mdogo wangu alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kama alivyokuwa akicheka baba akiwa hai. Akatoa sarafu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha yule mtu. "Mguu wa meza hauchezi, ni sakafu yenu ya Wazigua imepinda." Afisa akaitazama sarafu, akaiuma kwa meno, akainuka. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya kusikika stendi nzima, makonda na wauza karanga na kila mwenye masikio.

"Na wewe mpagazi mwenye domo. Limebandikwa tangazo la vitanda vya bweni la wasichana. Jana. Liko ubaoni, liko kwenye mfumo. Au na hiyo utaniletea maiti?"

Nilikuwa nayo mkobani. Nikaitoa ile leseni, nikaikunjua mbele ya macho yake. Akaisoma tarehe bila haraka. "Imefufuka," akasema, akaenda zake kazini.

Gari likaondoka na mdogo wangu. Nilimpungia mpaka mama akaniambia mbona limeshapita kona.

Zabuni ya vitanda nilijaza peke yangu. Nilisoma maelezo yote, nikayarudia, nikamsomea mama kwa sauti mpaka akawa anajua unene wa mbao. Kila karatasi niliitazama tarehe kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Nikakwama mahali pamoja tu: wanataka jina la fundi mkuu na cheti chake. Ninao mafundi wawili wa kuazima hapa mtaani, wazuri wa kupiga misumari, ila cheti hawana. Nikampigia mdogo wangu. Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zinalia, alikuwa anapaza.

"Naweka jina lako na cheti chako," nikasema.

"Weka. Ila dada, usinitegemee. Huku wananilipa kila mwisho wa mwezi."

Nikaviweka. Nikabonyeza.

Kungoja mara ya pili kulikuwa kubaya kuliko kwa kwanza, maana safari hii nilikuwa najua ninachongoja. Karakana ilikuwa kimya, vumbi limeanza kulala juu ya meza. Nilifika kila asubuhi, nikafungua mlango, nikasimama, nikafunga. Randa sikuigusa. Kwenye msiba wa jirani nilikutana na mtani wangu uso kwa uso, mahali ambapo utani ni haki yake. Alinipa mkono wa pole, akasogea, akaenda kukaa kule kwa wanaume wenzake. Alipita siku nyingine mbele ya karakana, akatazama upande wa pili. Sasa nilielewa. Zabuni ziko mezani, naye amejifunga mdomo pamoja na kifungo cha shingoni. Nilielewa, na bado nilikuwa naumwa. Sikuwahi kudhani nitakaa nikimwomba Mungu mtu fulani anitukane.

Mdogo wangu alianza kupiga simu jioni jioni. "Mama hajambo? Mvua je?" Kisha, kama amekumbuka tu, "Wamesema?"

"Bado."

"Ah. Haya." Na hakati simu.

Ilikuwa Alhamisi, nimetoka kununua sukari, navuka pale mbele ya benki. Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo barabara nzima iliisikia.

"We mpagazi. Wapagazi wote mnavyotembea mmeinama, hamuoni hata ubao wa matangazo. Haya kimbia, mzoea kubeba, ubebe na vitanda vyangu."

Niligeuka. Alikuwa ng'ambo ya barabara, anacheka, pengo lake lote nje. Nikataka kumrudishia, nilikuwa na tusi zuri limeiva tangu kwenye ule msiba, lakini macho yalikuwa yamejaa. Nilimwonyesha ngumi. Nikakimbia ubaoni na sukari yangu. Hatukupata vyote, fungu moja tu, lile dogo. Jina la biashara ya baba lilikuwa pale, limeandikwa sawasawa, na mhuri chini.

Nikampigia mdogo wangu nimesimama pale pale, watu wanisukuma. Mashine zilikuwa zinalia nyuma yake kama kawaida.

"Tumepata fungu moja," nikasema. "Dogo."

Nilisikia anatembea, mlango ukafungwa, mashine zikawa mbali. Nilijitayarisha kusikia habari ya mwisho wa mwezi.

"Wanataka mbao gani?" akauliza.

Nikamwambia imeandikwa kwenye maelezo, aje asome mwenyewe.